Dawa za akili kwa presha ya macho? Taratibu jamani

Mhariri salama? Ile habari yenu ya kwamba dawa za magonjwa ya akili huenda zikalinda mishipa ya fahamu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imetuletea kazi sisi wa famasi. Juzi kaja kijana ananionyesha simu, anataka chlorpromazine, dawa ya magonjwa ya akili, ampe mama yake mwenye presha ya macho (glakoma), namuuliza matone aliyoandikiwa anaweka? eti chupa iliisha, mama akaona hakuna tofauti wakaacha. Sasa matone kama timolol na latanoprost hayarudishi uoni uliokwisha potea, yanashusha presha ya ndani ya jicho ili uliobaki usiondoke nao, kwa hiyo kutoona tofauti si kwamba hayafanyi kazi.

Utafiti siupingi. Kila jicho lina nyuzi kama milioni 1 zinazotoka kwenye retina kwenda ubongoni, zikifa hazioti tena, na wapo wagonjwa presha imeshuka vizuri tu ila bado uoni unazidi kupungua, ndo maana watu wanahangaika kutafuta dawa ya kulinda seli zenyewe. Na dawa kuzuka na kazi nyingine sio ajabu, hiyo hiyo chlorpromazine ilitengenezwa Ufaransa 1950 kutokana na utafiti wa dawa za aleji, 1952 ikaanza kupewa wagonjwa wa akili pale Paris.

Ila mbona hamkuitaja memantine, ile wanayopewa wazee wanaopoteza kumbukumbu? Kwa wanyama ililinda seli za retina vizuri kabisa, watu wakajaa matumaini, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa glakoma zaidi ya 2,000 wakafuatiliwa miaka 4, majibu yaliyochapishwa 2018 yanaonyesha haikuzuia ugonjwa kuendelea. Panya na nyani walipona, binadamu wapi.

Halafu hizi za akili na macho hazijawahi kupatana kiivyo. Thioridazine, nayo dawa ya akili, ikizidi miligramu 800 kwa siku ilikuwa inaharibu hiyo hiyo retina tunayotaka kuilinda, chlorpromazine ya dozi kubwa miaka mingi inaacha chembechembe kwenye lenzi na konea (kioo cha mbele ya jicho), na kwa mwenye pembe nyembamba ya jicho, pale maji ya jicho yanapotokea, dawa zinazotanua mboni, ikiwemo benzhexol inayotolewa pamoja na dawa za akili kupunguza madhara yake, zinaweza kupandisha presha ya jicho ghafla usiku huo huo. Na mama mtu mzima umpe chlorpromazine bila daktari, presha ya damu ishuke akisimama, aanguke avunjike nyonga, nani atajibu? (Wanaozitumia kwa ajili ya akili wasiache lakini, hilo ni jambo lingine kabisa.)

Ombi langu dogo tu, mkiandika tena habari za namna hii semeni hapo juu kabisa kama ilikuwa ni panya, ni seli kwenye kisahani au ni mtu, na dozi ilikuwa ngapi, maana wasomaji wenu wakishasoma kichwa cha habari wanakuja moja kwa moja dirishani kwangu.

Msomaji wenu, Dodoma