Barua kwa Mwanangu wa Chumba cha Injini

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Dada'ko amenieleza kwamba ulipopimwa presha huko Unguja ilikuwa 150 kwa 95, nawe ukatoka unacheka. Mimi sikucheka. Nimeuguza watu hapa Wete hadi nikastaafu, na kijana mwembamba asiyevuta sigara akija na presha hiyo, namuuliza anashinda wapi. Wewe unashinda chumba cha injini cha meli.

Unasema umeshazoea kelele zake. Lililozoea ni sikio, au pengine limeanza kufa, maana kwenye simu siku hizi unanipigia ukelele kama unaniita kutoka ng'ambo ya mto. Mwili haukuzoea: mngurumo huufanya umwage adrenalini na kotisoli, homoni za mwili uliotishwa, mishipa ya damu ikajibana na moyo ukasukuma kwa nguvu zaidi, hata ukiwa umelala. Miaka ikipita, presha iliyokuwa ikipanda na kushuka hukataa kushuka. Sisemi kelele ndiyo sababu pekee. Chumvi na kukesha vimo pia, na vyote viwili unavyo.

Wataalamu wa afya kazini hupendekeza mtu asizidishe desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo vyumba vya injini huzifikia na kuzipita, inabaki robo saa. Kama huna kipima sauti, simama na mwenzako umbali wa mkono ulionyooshwa: asipokusikia mpaka upaze sauti, mmeshapita kiasi.

Cheti chako najivunia, na jirani zote wamechoka kukisikia. Lakini ndicho kilichokufunza kutundika vifuniko vya masikio msumarini, eti wenzako wasikuone mwoga? Vivae, na ndani yake utie viziba, na umwombe mkubwa wako mpokezane zamu. Ukiandikiwa dawa usiiache kwa kujiona mzima; baba'ko aliiacha, na yaliyofuata unayajua.

Fedha za mabati usitume mwezi huu, kwani karafuu tumeshaanza kuanika. Nunua kipimo cha presha, ujipime asubuhi kabla ya zamu, uandike. Karatasi hiyo mpe dada'ko akija Ijumaa, pamoja na sufuria yangu mliyoichukua siku ya harusi.

Mama'ko