Risala ya Wazazi na Walezi wa Watu Wenye Ulemavu wa Akili kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, waheshimiwa viongozi, wazazi wenzetu na vijana wetu wapendwa,

Karibu sana. Umoja huu ulianza na akina mama watano waliopokezana kuangaliana watoto. Leo, kwa nguvu zetu wenyewe, tuna nyumba ya vyumba vinne ambamo mzazi humwacha mwanawe usiku mmoja au mbili, akauguze, akazike, au alale tu. Ni mafanikio makubwa.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: huduma hii ya kumpumzisha mlezi ipate kanuni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasimamia vituo vya mchana na makao ya watoto, lakini mtu akitimiza miaka 18 haimhusu tena, na wengi wanaolala kwetu ni watu wazima. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unataja huduma hii waziwazi katika Ibara ya 28.

Mambo huharibikia kwenye makabidhiano. Dawa za kifafa huja zimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari, hazina jina wala kipimo. Mhudumu wa jioni anampa kijana dawa, wa usiku anarudia. Au wote wanaogopa, hawampi, na alfajiri anaanguka. Asiyeweza kusema akirudi nyumbani na mchubuko, haijulikani aliupatia wapi.

Tunaomba Halmashauri iagize fomu moja: dawa kwenye pakiti yake, saa ya dozi ya mwisho, chakula kinachompalia, ishara anayotoa akiumwa au akitaka choo. Mwili uangaliwe mbele ya mzazi, kuingia na kutoka, na pande zote zisaini. Mchana mhudumu mmoja kwa watu wanne. Usiku wahudumu wawili, mmoja akikesha. Kifafa kikipita dakika 5, hospitali kwanza, simu kwa mzazi baadaye. Na Afisa Ustawi wa Jamii atukague bila taarifa, hata saa nane za usiku. Kwetu sisi, hilo la mwisho ndilo kubwa.

Mheshimiwa, rasimu ya kanuni hizi tumeshaikabidhi mara mbili. Wageni rasmi waliokutangulia waliipokea kwa moyo mkunjufu. Mmoja alituahidi miezi mitatu, na maneno yake yamo kwenye muhtasari wetu hadi leo. Tunawashukuru. Nakala ya tatu, kurasa sita, imo kwenye bahasha ya kaki iliyo mbele yako. Kwa unyenyekevu, tunakuomba ututajie leo, kabla hujaondoka, tarehe ambayo rasimu hii itafikishwa kwenye Baraza la Madiwani.

Tunaomba kuwasilisha.