Kabla hujapanda treni, mwanangu

Mwanangu,

Hamjambo huko Dar, mkwe wangu na wajukuu wazima? Sisi wazima, mvua zinanyesha na maharage yameshatoa maua. Nimeamua kukuandikia maana kwenye simu nikianza tu habari ya presha unasema mama mtandao unakatakata, na mtandao haukati, nakusikia unavyohema.

Dada yako kaniambia. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe. Kasema ulipimwa ukakutwa juu mia hamsini na kitu, chini karibu mia, ukaandikiwa vidonge, na hivyo vidonge unameza siku kichwa kikiuma. Baba, nani kakufundisha hivyo? Presha haipigi hodi, mtu anatembea nayo anacheka anacheza na watoto, siku moja anadondokea bafuni, akiamka mdomo umeenda upande. Ile sio dawa ya kichwa. Unameza kila siku hata ukijisikia mzima kama ng'ombe, na kama vinakuletea shida unarudi kwa daktari akubadilishie, huachi kwa akili yako.

Na picha za sherehe ya ofisini nimeziona. Lile shati la bluu mwaka jana lilikuwa linafunga vizuri tu. Watu wamekuandikia umenawiri bosi, maisha yamekukubali, na mimi nilifurahi siwezi kudanganya, kwenye ukoo wetu wewe ndo wa kwanza kukalia kiti kinachozunguka. Ila tumbo sio cheo. Siku hizi kliniki wanapima na kiuno kwa futi ileile ya fundi cherehani, mwanaume akivuka sentimita 94 wanaanza kumuonya, akifika 102 ndo hatari yenyewe. Jipime usawa wa kitovu, sio kule chini unakofungia mkanda ukajidanganya.

Sasa unakuja Kigoma Krismasi na hapo ndo usingizi unaponiisha. Huku hakuna nyumba utaingia utoke hujala, we unawajua. Shangazi yako wa Ujiji ameshatangaza anakuchinjia, baba yako mdogo naye hataki kushindwa, majirani wana pilau lao, na ukikataa watasema mji umemtia maringo. Kwa hiyo usikatae. Pokea sahani, nyama vipande viwili, mchicha na kachumbari jaza, alafu kula polepole maana ukimaliza haraka ndo unaongezewa. Soda hiyo kataa bila aibu, chupa moja ina sukari kama vijiko vinane vya chai, nyumba nne kwa siku piga hesabu mwenyewe. Sema daktari kakataza, huku daktari anasikilizwa kuliko mama mzazi. Bia sisemi mengi, ya baba yako uliyaona. Ila usije ukaruka vidonge ili upate nafasi ya kunywa, hiyo nimeisikia kwa wanaume wengi na bia yenyewe inapandisha presha.

Kilo za sikukuu sio nyingi kwa mara moja, shida ni kwamba Januari haziondoki, zinakaa zinasubiri wenzake wa Desemba nyingine.

Jikoni kwangu utakuta mambo yamebadilika, usinune. Zamani mboga isipong'aa mawese watu walisema humu ndani kuna njaa, na nyie mkakua hivyo, basi. Siku hizi napima kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe mawese yawe alizeti, kina kalori kama 120, na mimi nilikuwa namimina na kikombe. Mawese siyatukani, yana vitamini A na ndo ya kwetu, ila mafuta ni mafuta. Mgebuka, samaki wetu wa ziwani, nitakuchemshia na limao na nyanya chungu, ugali wa muhogo utaupata lakini sio ule mlima. Dagaa waliotiwa chumvi nawaloweka kwanza nakamua. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima haitakiwi kuvuka kijiko kimoja cha chai, yote humohumo, na we nyama choma unainyunyizia hata hujaionja.

Asubuhi tutaenda Kibirizi kununua samaki kwa miguu mimi na wewe, boda usiite. Ukichoka kabla yangu nitajua cha kumwambia mkwe wangu.

Treni ikisimama Saranda najua utanunua kuku, nunua, lakini vidonge viwe mfukoni, sio kwenye lile begi kubwa unalofunga na kamba. Umepima leo? Usinijibu niko poa mama, nataka namba, juu ngapi chini ngapi. Na uje na kile kipimo cha betri, cha kufunga juu ya kiwiko, cha kwenye kifundo cha mkono usichukue, hakiaminiki sana. Baba mdogo naye tutampima, anajifanya mzima yule.

Bati za jikoni zinavuja upande wa dirisha, fundi anataka nusu ya hela kabla ya sikukuu, tuma kwa namba ya dada yako maana laini yangu imefungwa. Mwambie mkwe wangu asininunulie kitenge, vitenge vya Kongo vimejaa huku, alete mashuka mawili ya vitanda vya watoto na chandarua, kile cha mwaka juzi panya wamekitoboa.

Mama yako