Kunguru tunawalisha wenyewe, chozi na mnana ndo wanaumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumzie ndege wa hili jiji letu la Dar. Najua kuna watu watasema maji hayatoki, foleni kila siku, halafu mtu mzima anakaa anaandika barua ya ndege, lakini naomba mnisikilize maana hili jambo limenikaa moyoni tangu mwezi wa tatu.

Kwangu hapa Magomeni barazani kuna waya wa kuanikia nguo ambao tulishaacha kuutumia, chozi akaja akajenga. Kwa wasiomjua, chozi ni yule ndege mdogo sana mwenye mdomo mwembamba uliopinda, dume anang'aa kama kapakwa mafuta, jike hana rangi za maana lakini ndo fundi mwenyewe. Nilimwangalia karibu wiki nzima, anachukua utando wa buibui kwenye kona ya dari anafungia majani makavu na nyuzinyuzi, mpaka kikawa kitu kinaning'inia kama soksi kuukuu, mlango uko ubavuni. Mke wangu akapiga marufuku mtu kufagia utando wa barazani. Akataga mayai mawili. Asubuhi moja hata mlango hatujafungua nikasikia kelele, natoka nakuta kunguru wawili, mmoja kashikilia waya mwingine anachana kiota, na chozi anazunguka pale juu analia tu hana la kufanya. Haikufika hata dakika. Ukabaki utando unapepea.

Kijana wangu akasema baba tununue sumu. Namwelewa kabisa, na kila anayefuga kuku mjini anamwelewa, si ndo maana vifaranga tunavipaka rangi. Na hawa kunguru weusi si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wale taka za mji, wakavuka, sasa wamejaa pwani nzima na wanakula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Hapa Dar mwanzoni mwa miaka ya 2010 walitegwa na kuwekewa sumu wakapungua kweli kweli, tunaokumbuka tunakumbuka. Leo angalia juu. Wenzetu Kenya nao mwaka 2024 walitangaza kwamba wanataka kuwaua milioni moja. Mimi sipingi wataalamu kuwapunguza, ninachosema ni kwamba hiyo ni nusu ya kazi.

Wahenga walisema kunguru hafugiki ila Dar tunamfuga, tena tunamlisha vizuri. Mtaani kwetu gari la taka lilikaa zaidi ya wiki mbili halijapita, viroba vikarundikana pale kona, utumbo wa samaki, ukoko wa wali, maganda ya mayai, vyote vimetobolewa vimemwagika, kunguru wameshiba mpaka wanashindwa kuruka haraka mtu akipita. Sasa niambie, ukiua mia leo na lile jalala liko pale pale, waliobaki si watakula vizuri zaidi na kuzaa zaidi? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa huu, piga hesabu ya mabaki yanayotoka jikoni kwa siku moja tu. Pipa lenye mfuniko na gari linalokuja siku iliyosemwa vinamsaidia chozi kuliko hotuba yoyote, na kwenye magenge na masoko ya samaki ndo pa kuanzia.

Halafu kuna miti. Kunguru anajenga popote, hata juu ya nguzo na vipande vya waya anatumia. Mnana hawezi. Mnana anachana jani la mnazi uzi mmoja mmoja, anasuka, anafunga fundo kwa mdomo, na anataka mnazi ule ule na wenzake wako pembeni wanapiga kelele. Mtaa wa pili kutoka kwangu kulikuwa na minazi miwili imejaa viota, kiwanja kimeuzwa, Mei mvua bado zinanyesha wakaja na chenso wakaiangusha yote asubuhi moja. Mtoto wa jirani akaniletea kinda kwenye mfuniko wa ndoo, halina hata unyoya, mdomo wazi linadai chakula, akaniuliza babu huyu anakula nini. Magharibi halikufika. Sasa sisemi watu wasijenge, kiwanja ni chake, nasema kabla hujawasha chenso inua macho juu, ukiona viota subiri wiki chache makinda yaruke. Na manispaa wanaotoa vibali vya kukata miti wakiandika hilo sharti kwenye kibali nani atapungukiwa?

Na la mwisho linanigusa zaidi maana bonde la Msimbazi liko hapa chini yetu. Nenda pale Daraja la Selander maji yakipwa, simama dakika kumi tu. Utaona yangeyange wamesimama kwenye tope, kitwitwi wanakimbiakimbia, wengine wao wametoka Urusi huko wamekuja kupumzika kwetu mpaka mwezi wa nne. Pwani yetu inapokea hata yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene anayekula kaa, anazaliana Oman na nchi za Ghuba, anachimba shimo kwenye mchanga anataga humo, halafu anakuja kushinda huku. Wote hao wanategemea tope na mikoko, na mikoko ile ina mifuko, chupa na nguo kuukuu zinazoshushwa na mto kila mvua ikinyesha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni na ufukweni, hiyo ifuatwe kwa mkubwa na mdogo.

Sasa mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi unakuja na bustani ya jiji. Tunaushukuru, sisi wa mafuriko tunajua tunachokimbia. Ila ombi langu kwa wanaochora hizo ramani, msitujazie nyasi za kukatwa na vigae vya kukanyaga kutoka Jangwani mpaka baharini. Acheni sehemu ya matete yenyewe na madimbwi yenyewe, pandeni mikoko pale ilipokatwa, na kwenye miti ya bustani wekeni mikungu na mikuyu na minazi, mnana atakuja mwenyewe hahitaji kuitwa.

Chozi wangu amerudi. Juzi nimemwona anachomoa utando pale pale kwenye kona ya dari. Viroba vyetu sasa tunavifungia ndani ya pipa mpaka gari lije.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Magomeni, Dar es Salaam