Kabla kitabu hakijaingia mtamboni

Hamburg, 9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, mke wangu hajambo, watoto nao wazima, wanakusalimu na wanauliza kama yule jogoo wao bado yupo au mlishamchinja Idi. Baridi ipo ila sitaizungumzia, najua mmeshachoka kuisikia. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtu aje nayo, imefika?

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nikaipiga picha na kumtumia mjukuu wako akusomee. Simu haitufai kwa hili. Kwenye simu wewe unanipa pole ya kazi, mimi nakupa pole ya goti, tunaulizana hali ya kila mtu hadi paka, na lile hasa la kusema linabaki. Wewe binti unayesoma, soma taratibu, usiruke. Ukifika nitakapokwambia watoe watu nje, watoe kweli, hata kama ni wakubwa zako. Nawe utakayoyasikia yaishie kwako mpaka bibi yako aseme vingine.

Kitabu kimefika mwisho. Nilishasema hivyo mara nyingi, hata Kaka akaanza kuniita mwandishi wa kesho, lakini safari hii ni kweli. Mchapishaji wa Dar amenitumia prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa vile zitakavyotokea kitabuni, namba chini, kichwa cha habari juu. Kimepata hata ISBN, ile namba ya tarakimu 13 inayokaa nyuma ya kitabu. Yaani sasa duka lolote likiiandika kwenye kompyuta, natokea mimi, mtoto wa kambi ya mkonge.

Prufu nazisomea kazini. Nikifika mwisho wa njia huwa nina dakika chache kabla ya kugeuza basi, hapo natoa karatasi na kalamu nyekundu. Mzee mmoja wa Kijerumani anayepanda asubuhi aliniuliza nasahihisha mitihani ya nani. Nikamwambia ni riwaya yangu. Kwa lugha gani? Kiswahili. Akafikiri kidogo, akasema basi atasubiri tafsiri. Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobel mwaka 2021, watu wa huku wanaofuatilia vitabu wakisikia natoka pwani ya kwetu huniuliza zamu yangu lini. Nawajibu kwamba kwanza nipite kwa mhariri.

Na mhariri mwenyewe, Shangazi! Kijana mdogo, sauti ya upole, lakini kalamu yake ni panga. Sura yangu ya kwanza aliitupa yote. Mle nilikuwa nimeeleza mkonge ulivyofika kwetu: kwamba Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia hapa hapa Hamburg, na mwaka 1893 iliyoingia Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, kule Pangani. Miche 62! Mashamba yale ya mwanzo yote, yaliyomtoa Babu kwao na kumleta Tanga, asili yake ni hiyo. Nami bandari yenyewe naipita na basi langu karibu kila zamu. Hata jengo la kampuni ya meli ya Woermann, Afrikahaus, la mwaka 1899, bado limesimama katikati ya mji, mlangoni sanamu ya mtu mweusi mwenye silaha, uani sanamu za tembo wawili, na watu wanaingia ofisini na kahawa mkononi bila kuwatazama. Mimi niliona hayo yote yanamhusu msomaji. Mhariri akaandika pembeni: "Hii ni riwaya, siyo taarifa ya bwana shamba." Nikanuna. Kisha ile miche nikaitia mdomoni mwa karani mmoja mjuaji, anaitaja akiwa amelewa, anakosea hesabu na kuanza upya, na sasa hata mhariri anaicheka. Tembo nimewaacha huku huku.

Akaniuliza tena kwa nini watu wa Kigoma kwenye kitabu wanashushwa Morogoro na kupakiwa kwenye malori, wakati wangekaa ndani ya treni moja mpaka Korogwe. Nikamweleza kwamba miaka ile reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijakutana. Kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi kilikamilika 1963. SILABU, wale waandikishaji wa vibarua, walikuwa na mpango wao wa treni na malori na kambi za kulala njiani. Akaniuliza nimeyasoma wapi. Nimeyasoma, ndiyo, lakini la lori nililisikia kwa Babu kwanza, alivyotapika kutoka Morogoro mpaka Handeni.

Jalada nalo lilikuwa na kesi yake. Mchoraji alileta picha nzuri kweli, shamba la mkonge jua linazama, isipokuwa majani aliyoyachora yana miiba pande zote mbili, msumeno mtupu. Ungecheka. Alikuwa amechora mananasi! Nikamwandikia kwamba jani la mkonge pembeni ni laini, mwiba ni mmoja, uko nchani, na huo mmoja ndio uliompofua jicho jirani yetu. Amechora upya. Sasa ni mkonge.

Uzinduzi wanataka uwe Dar mwezi wa sita, na mgeni rasmi awe mheshimiwa fulani, kwa hiyo tujiandae kwa hotuba ndefu kuliko kitabu. Nimewaomba tufanye kingine Muheza, hata kama ni chini ya mwembe na viti vya kukodi. Hawajakataa.

Sasa, binti, watoe watu nje.

Shangazi, usiku wa arobaini ya Bibi, wengine wamelala ukumbini, wewe na mimi tulikuwa uani tunasugua masufuria, ukanisimulia habari ya yule dada aliyekuja kambini. Sijui kama unakumbuka ulivyoieleza. Mimi haijanitoka. Ulikuwa na miaka tisa au kumi, mashamba yameshataifishwa. Akaja msichana na kifurushi chake, Kiswahili cha kubahatisha, anamtafuta mtu wa Kasulu, kule Kigoma. Akalitaja jina ambalo pale kambini hakuna aliyelijua, kwa sababu ndilo Babu alilokuja nalo kabla hajasilimu. Watu wakamleta kwa Babu kwa vile tu ni Muha mwenzake. Babu akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mtu huyo alikufa. Nilimzika mimi."

Kisha akakutuma wewe ulete maji msichana anawe miguu, katoka mbali. Ukainama na kopo kumwagia. Ukaona mwanya wa Babu, na kidole gumba cha mguu kimepinda kuingia ndani vile vile kama chako. Bibi akampakulia, akala, akalala kwenye mkeka wako. Alfajiri Babu akamsindikiza mpaka barabarani, akampa nauli, akarudi, akachukua kisu chake na kwenda kukata mkonge.

Hayo yamo kitabuni. Ukurasa wa 187 mpaka 192.

Nimebadilisha nilivyoweza. Mtu wangu katoka Kibondo, hana mwanya. Msichana haji mchana, anakuja usiku wa mvua, na anayeshika kopo la maji ni mtoto wa kiume. Vipande vyake, zile kadi za kuhesabia siku za kazi, hakuvifungia sandukuni kwa kamba ya katani alivyofanya Babu. Lakini wewe ukisomewa hutadanganyika, wala Baba Mdogo, wala mzee yeyote wa kambi ile aliyebaki. Watasema huyu ni fulani. Na watakuwa wamesema kweli.

Mhariri, ambaye hajui kama kisa hiki kina mwenyewe, anasema kurasa hizo ndizo kitabu. Anasema bila hizo nina mzee wa mkonge tu, anakata majani 30, anafunga tita, anakata mengine, anangoja visanduku 30 vya kipande vijae apate mshahara, bei ya katani inaanguka, nailoni inaingia, kambi inahamwa, mzee anakufa. Wazee wa namna hiyo tunao wengi na wote ni wetu. Lakini mtu aliyejizika mwenyewe mbele ya mwanawe, huyo anataka kumjua.

Nikueleze na jambo moja la kiwandani, ili usidhani nakulazimisha. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, na kila mkunjo mmoja hutoa kurasa 16. Changu kimetoka na kurasa 262. Mchapishaji anaomba nipunguze sita zifike 256, yaani mikunjo 16 kamili, la sivyo kitapanda mpaka 272, kurasa kumi za mwisho zikae tupu na bei iongezeke. Kwa hiyo ukisema hizo sita zitoke, zinatoka na kitabu kinakaa sawa, hakuna atakayeona pengo. Kutoa ni rahisi. Ndiyo maana nimeona nikuulize wewe kabla mikono yangu haijanitangulia.

Najua utaniuliza. Utasema marehemu hasemwi, na huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali nilipougua surua. Lakini sioni kwamba nimemsema vibaya. Nimekaa naye muda mrefu katika kurasa zile. Nimeandika kwamba asubuhi ile, aliporudi kutoka barabarani, alikata matita mengi kuliko siku zote, nyapara akamsifu mbele ya wenzake, naye usiku akashindwa kukunja vidole. Hiyo hukuniambia, nimeitunga. Alikuwa na jina jipya, dini mpya, mke, nyinyi watoto watatu. Angemjibu nini binti yule? Nilimtafutia jibu na sikulipata, basi na yeye nimemwacha bila jibu.

Halafu kuna yeye mwenyewe aliyekuja. Sisi tukimtaja, mara chache tunazomtaja, tunasema "yule msichana". Shangazi, yule ni dada yako. Ni shangazi yangu pia, kama wewe. Akiwa hai ni bibi kizee sasa, na kama alizaa, watoto wake ni watoto wa shangazi zangu, wako Kasulu huko, wamesoma, pengine mmoja ni mwalimu wa Kiswahili. Kitabu hiki kikimfika, akakuta humo safari ambayo mama yake alimsimulia, na chakula, na nauli aliyopewa na rafiki wa marehemu baba yake? Nikiliwaza hilo nataka sana litokee, na dakika hiyo hiyo nataka kitabu kisivuke Morogoro. Wewe unaliona vipi?

Prufu lazima nizirudishe tarehe 28. Baada ya hapo kinaingia mtamboni, nakala 1,000, na hakuna wa kukirudisha. Ukisema toa, nitatoa, sitakuuliza sababu na sitakununia. Ukisema acha, nitaacha. Baba Mdogo sijamuuliza na sitamuuliza, maana hakuwepo. Aliyemwagia maji ni wewe.

Na ukisema acha, basi nisaidie. Kanga aliyovaa ilikuwa rangi gani? Nimeweka ya buluu kwa kubahatisha. Babu alimwita nani, alimwita mwanangu, au binti, au hakumwita? Na Bibi, Shangazi, alijua? Hapo ndipo ninapotaka neno lako zaidi. Mimi nimeandika kwamba alijua tangu msichana anapiga hodi, ndiyo maana akamtolea ile sahani ya maua ya wageni, na Babu alipoiona sahani akajua kwamba mkewe ameshajua, na hawakulizungumza mpaka walipozikana. Kama sivyo, niambie nirekebishe. Kama ni ndivyo, basi sijui nimelijuaje.

Msalimie Baba Mdogo, wasalimie majirani wote, na yule mama wa maandazi mwambie deni lake nalikumbuka. Mwambie Kaka kwamba kitabu hakitaezeka nyumba: mrabaha ni asilimia 10, bei shilingi 15,000, apige hesabu mwenyewe, halafu akumbuke kwamba nakala 1,000 za riwaya isiyosomwa mashuleni huweza kukaa ghalani miaka. Mabati nitanunua kwa pesa ya basi, mwezi wa nne, Inshallah.

Jibu lako lirekodi kwa sauti, binti akushikie simu, anitumie. Sema yote unayotaka kusema, hata ikiwa ndefu nitaisikiliza mwisho wa njia. Tafadhali usimwachie Kaka akujibie, atasema "haina shida" na mimi nitabaki pale pale.

Mwanao wa Hamburg