Shukrani za familia baada ya mazishi ya Mama yetu, mwalimu

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi watoto na wajukuu wa marehemu tunamshukuru Mungu aliyetushika mkono. Siku tatu za mwisho wodini zilikuwa nzito. Mama hakuweza tena kusema. Mkono mmoja ulishika rozari, na kwa mwingine alibana kidole cha yeyote aliyekaa kando yake, hataki kukiachia. Muuguzi wa zamu ya usiku alimchana nywele kila alfajiri, akimwita "Mwalimu" hadi mwisho. Dada, Mungu akukumbuke.

Tukimleta nyumbani Tororo, mvua ikatukamata na gari lenye jeneza likazama kwenye matope. Dereva wa lori aliyetoka Malaba akasimama, akavua viatu, akakata matawi akayatia chini ya magurudumu, akatuvuta kwa mnyororo wake. Tulipompa pesa ya chai alikataa. Kumbe Mama ndiye aliyemlipia dada yake karo. Sisi wenyewe hatukujua!

Kwenye mkesha wengi mliuliza Mama alitoa wapi moyo ule wa kutomrudisha msichana nyumbani kwa sababu ya karo. Alisoma Trinity, chuo cha wanawake cha masista wa Notre Dame de Namur kule Washington, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Rais wake alikuwa Patricia McGuire, mwanasheria aliyehitimu hapo hapo mwaka 1974, akakabidhiwa chuo mwaka 1989 wanafunzi wakiwa wamepungua sana. Yeye akawafungulia mlango mabinti wa jiji lenyewe, wengi wao Weusi na wa familia zisizo na kitu. Kikawa chuo kikuu mwaka 2004, naye akaongoza hadi 2025, miaka 36. Mama alibandika picha yake ndani ya kabati la madaftari ya karo. Ipo hadi leo.

Asanteni paroko na mapadre, masista, jumuiya ndogo ndogo, kwaya, madaktari, walimu, wanafunzi wake wa zamani, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), vijana wa boda boda, waliochimba kaburi, waliopika, ndugu wa Mbale, Busia na Kampala, na mliotuma rambirambi kwa simu.

Tunaomba radhi sana. Daftari la rambirambi lililowa, kurasa mbili wino ukayeyuka wote. Kama jina lako lilikuwa humo, tusamehe. Tupigie, tutakuja kukushukuru mlangoni kwako.

Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.