Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Kamera za Filamu, Lubumbashi

Ndugu wanachama, mama na baba,

Mwaka huu filamu nyingi za kupigia picha zimeharibika, na karibu zote ziliharibikia ndani ya kamera, si kwenye dawa ya kusafishia. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kamera.

Kosa kubwa ni filamu isiyosogea. Mwanafunzi anachomeka ulimi wa filamu kwenye roli ya kulia, anafunga mgongo wa kamera, anapiga picha 36, halafu filamu inatoka kwenye dawa ikiwa tupu kama kioo. Ulimi haukushika. Kaunta ya picha haisaidii, maana huhesabu hata kamera ikiwa haina kitu. Cha kutazama ni kile kitufe cha juu kushoto cha kurudishia filamu. Kizungushe polepole kwa upande wa mshale mpaka kikaze kidogo, kisha vuta wenzo wa kusogeza filamu: kitufe kikizunguka chenyewe, filamu inakwenda. Kikitulia, fungua uanze upya. Muhula ujao kila mwanafunzi atapakia filamu mbovu mara kumi kabla ya kupewa nzima.

Zilizochanika matundu ya pembeni ni za waliosahau kubonyeza kidude cha chini ya kamera kabla ya kurudisha filamu. Hapo nguvu haisaidii, inachana tu.

Upande wa mwanga, tatizo ni imani. Wanafunzi wanaamini sindano ya kipima mwanga cha kamera kuliko macho yao. Kipima mwanga hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye teri, ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, kitakuambia ufungue tundu la lensi, na mlima utatoka wa kijivu kilichochujuka. Mtoto wa shule mwenye shati jeupe ni kinyume chake: kipima kinalisoma shati, unafunga tundu, uso unazama gizani. Dawa yake ni kupima kiganja chako kikiwa katika mwanga uleule unaompiga mtu, kisha kuongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Kama tundu ni f/8, lifungue hadi f/5.6.

Pentax K1000, ambazo ndizo nyingi kwetu, hazina swichi ya kuzima kipima mwanga. Kifuniko cha lensi kisiporudishwa, betri inaisha kamera ikiwa imewekwa tu mezani. Lakini shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, haihitaji betri, kwa hiyo “betri imekufa” si ruhusa ya kwenda nyumbani. Jua kali la kiangazi, filamu ya ISO 400 (kiwango cha wepesi wake kwa mwanga): tundu f/16 na shata 1/500 ya sekunde. Piga.

Chumba cha giza kilikwenda vizuri isipokuwa mwezi wa 10, maji yalipokuwa moto. Filamu ya HP5 Plus ndani ya dawa ya kusafishia ya D-76 iliyochanganywa nusu kwa nusu, mililita 150 za dawa na 150 za maji, inataka dakika 11 kwa nyuzi 20. Barafu huwekwa kwenye ndoo, chupa ya dawa ikae humo. Aliyetia barafu ndani ya dawa alibadilisha mchanganyiko wote. Bomba linapokauka, tusioshe kwa maji yanayotiririka. Baada ya fiksa, dawa ya kuimarisha picha, jaza maji tangi lenye filamu, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Mara ya tatu, mara 20. Lita moja inatosha.

Duka moja la mjini lilituuzia filamu zilizopita muda kwa bei ya mpya. Tangu sasa tarehe isomwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Hesabu ziko kwa mweka hazina, kila mwanachama anaweza kuziona.

Naomba mkutano upitishe ununuzi wa kipimajoto cha pili na mfuko mweusi wa kupakilia filamu. Wa sasa zipu yake inapitisha mwanga, na koti tunalofunika juu yake lina matundu.